Sanduku la umeme nyumbani na kwenye depo: namna ya kulifunga ili lisituchomee mavuno



Wengine watajiuliza: watu wa kilimo wanaongea umeme, wamepoteza njia? Hapana. Hapa Kalembe, kwenye mpaka wa Masisi na Walikale, waya za SNEL hazifiki, lakini umeme uko tayari ndani ya nyumba zetu. Kuko plake ya jua juu ya mabati, batri chini ya meza, na kwa wengine grupu ndogo ya esansi. Umeme huo ndio unachaji telefone tunayotumia kuuliza bei ya maharagi Goma. Ndio unachaji batri ya pompe ya kupulizia, na ndio unatumulikia wakati tunapima magunia mangaribi. Na mara mingi unalala fasi moja na mbegu tuliyochunga kwa msimu unaokuja. Depo ikiungua, hatupotezi taa tu. Tunapoteza msimu mzima.

Juu ya hiyo, katika namba hii tunaeleza sanduku la umeme, lile mafundi wanaita kofre: linafanya kazi gani, linafungwa fasi gani, na munaangalia nini mbele ya kulipa fundi. Hatutaki kila mwanamemba awe fundi wa umeme. Kazi ya 220 V inapashwa kufanywa na mtu aliyejifunza. Lakini mwenye nyumba anapashwa kujua kazi nzuri inafanana namna gani.

Moto unatoka upande gani?

Watu wengi wanaogopa 220 V, juu inakamata mtu na inaweza kumuua. Ni kweli, muiogope. Lakini hawaogopi batri ya 12 V. Wanaishika kwa mkono, hawasikii kitu, basi wanasema haina hatari. Hapo ndipo tunapotea.

Tufanye hesabu kidogo. Nguvu (wati) ukiigawanya kwa volti, unapata ampere, ni kusema wingi wa umeme unaopita ndani ya waya. Tuseme vyombo vya nyumba vinaomba wati 500:

- Upande wa 220 V: 500 kwa 220 ni karibu ampere 2,3. Waya ndogo inatosha.
- Upande wa batri ya 12 V: 500 kwa 12 ni karibu ampere 42, na zaidi kidogo, juu konvertiseri (kile kifaa kinachogeuza 12 V kuwa 220 V) yenyewe inakula sehemu yake.

Kinachopasha waya joto ni ampere. Kazi ni ile ile, lakini upande wa batri unapitisha umeme mara 18 kuliko upande wa prizi. Ukitumia waya ya taa kwenye batri, itakuwa moto kama chuma cha kupasi.

Tena, waya mbili za batri zikigusana, batri kubwa ya gari au ya plake inaweza kutoa mamia ya ampere kwa mara moja, hata kupita elfu. Plastiki ya waya inayeyuka ndani ya sekunde chache, na ubao ulio karibu unashika. Konvertiseri ndogo haiwezi kutoa hivyo: ikizidiwa inajizima yenyewe. Kwa hiyo muchunge jambo hili: 220 V ndiyo inakamata mtu, 12 V ndiyo inachoma nyumba. Sanduku zuri linalinda pande zote mbili.

Hii inaeleza pia kwa nini fundi mzuri wa mjini anaweza kukosea huku kwetu. Goma na Rutshuru, fasi umeme wa Virunga unafika, kwa mfano kutoka barrage ya Matebe iliyofunguliwa mwaka 2015, umeme unaingia nyumbani tayari ukiwa 220 V, na nyuma yake kuko mashini kubwa. Huko fundi anafunga sanduku moja la 220 V na kazi imeisha. Huku kwetu chanzo ni batri. Akifunga sanduku la 220 V peke yake, ameacha mlango mkubwa wazi.

Sanduku lina kazi tatu

Kwanza, kukata: mtu yeyote wa nyumba anaweza kuzima umeme wote kwa mkono mmoja. Pili, kugawanya: taa njia yake, prizi njia yake, ili kasoro ya fasi moja isizime nyumba yote. Tatu, kulinda: waya ikizidiwa, disjonkteri (kifaa kinachojikata chenyewe) au fyuzi ikate mbele ya waya kuungua.

Disjonkteri inalinda waya, hailindi telefone wala televizio. Ndiyo sababu inachaguliwa kwa kufuata unene wa waya. Disjonkteri ikiwa inaruka kila siku, watu wanasema «tuweke kubwa zaidi». Ni sawa na kuvunja kengele juu inapiga kelele. Haitaruka tena, ni kweli, lakini sasa waya ndiyo itaungua.

Tuchague fasi ya kulifunga

Nyumba nyingi za kwetu ni za mbao na mabati, kwa hiyo fasi ina maana sana.

- Sanduku liwe la plastiki isiyoshika moto kirahisi au la chuma, na liwe na mgongo na kifuniko. Sanduku la mbao au karton, hapana. La chuma linaunganishwa na waya ya udongo.
- Lifungwe kwenye nguzo au ukuta usiocheza, kati ya meta 1,2 na 1,8 kutoka chini. Mtu mzima analifikia, mtoto mdogo halifikii.
- Lisiwe juu ya jiko, wala chini ya fasi mabati yanavuja.
- Magunia ya maharagi au muhindi yakae mbali, karibu meta moja. Vumbi la nafaka na majani makavu yanashika haraka.
- Batri ikae fasi yenye hewa, chini, ndani ya sanduku lake lenye matundu juu. Batri ya maji ikichaji inatoa gesi inayolipuka. Hakuna mshumaa wala sigara karibu yake.
- Musiweke dawa za shamba na mbolea karibu na batri. Asidi, joto na dawa havikai pamoja.

Upande wa batri (12 V)

Upande huu uwe na sanduku lake ndogo, au kipande chake kilichotengwa ndani ya sanduku kubwa. Waya za 12 V na za 220 V zisipite ndani ya tundu moja.

1. Fyuzi ya batri. Hii ndiyo ya maana kuliko vyote. Inafungwa kwenye waya nyekundu (+), karibu sana na batri, isipite sentimeta 30. Kipande cha waya kati ya batri na fyuzi hakina mlinzi, kwa hiyo kiwe kifupi. Kwa konvertiseri ya wati 500, waya ya shaba ya 16 (ni kusema milimeta mraba 16) na fyuzi ya ampere 60 vinafaa. Fyuzi ikikatika, musiifunge kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara. Mutafute kwanza kilichoikata.

2. Disjonkteri ya plake. Plake moja ya wati 100 inatoa karibu ampere 6. Waya ya 4 na disjonkteri ya ampere 10 vinatosha kati ya plake na regilateri (kifaa kinachopima umeme unaoingia kwenye batri).

3. Disjonkteri iwe ya umeme wa batri kweli. Umeme wa 220 V unakata pumzi mara 100 kwa sekunde, na disjonkteri ya nyumba inangojea pumzi hiyo ili izime cheche. Umeme wa plake na wa batri hauna pumzi. Ukitumia disjonkteri ya 220 V, cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani yake. Muangalie alama: kwa umeme wa batri inaandikwa DC, au mstari mmoja wenye nukta chini yake. Kwa umeme wa 220 V inaandikwa AC au alama ya wimbi.

4. Mpangilio wa kuunganisha. Regilateri inaunganishwa kwanza na batri, kisha plake. Kwa kutoa, munageuza: plake kwanza, batri mwisho. Mukikosea, regilateri nyingi zinaharibika.

Upande wa 220 V

Hapa fundi anafuata njia hii, kutoka chanzo kwenda kwenye vyombo.

Kwanza, kigeuzi cha chanzo. Nyumba yenye konvertiseri na grupu inahitaji swichi ya nafasi tatu: 1, 0, 2. Moja ni konvertiseri, sifuri hakuna umeme, mbili ni grupu. Vyanzo viwili havikutani hata siku moja. Vikikutana, konvertiseri inakufa saa ile ile. Na musitumie waya yenye vichwa viwili vya kiume kuingiza umeme wa grupu kupitia prizi. Kichwa kimoja kinabaki na 220 V hewani, na mtoto atakigusa.

Pili, diferensieli ya miliampere 30. Hii inalinganisha umeme unaokwenda na ule unaorudi. Kama sehemu inapotea, kwa mfano inapita ndani ya mwili wa mtu kwenda chini, inakata mara moja. Ndiyo inaokoa maisha.

Lakini muelewe jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Diferensieli inafanya kazi hiyo kama chanzo chenyewe kimeunganishwa na udongo: waya moja ya konvertiseri au ya grupu inafungwa na tere, ni kusema chuma kilichopigwa chini ya udongo. Grupu nyingi ndogo na konvertiseri nyingi za sokoni zinafika bila muungano huo. Kitufe cha jaribio kilicho juu ya diferensieli kitakata hata kama tere haipo, kwa hiyo kitufe peke yake hakitoshi kusema muko salama. Tena, konvertiseri fulani za bei ndogo zinaharibika zikiunganishwa na tere. Fundi anapashwa kusoma karatasi ya kifaa na kupima mbele ya kuunganisha. Mumuulize wazi: «Chanzo kimeunganishwa na udongo? Umepima?»

Tatu, disjonkteri za kila njia. Kipimo cha kila siku ni hiki:

- Taa: waya ya 1,5, disjonkteri ya ampere 10.
- Prizi: waya ya 2,5, disjonkteri ya ampere 16.
- Mashini kubwa zaidi: waya ya 4, disjonkteri ya ampere 20 au 25, kadiri fundi anavyohesabu.

Kwenye uso wa disjonkteri mutaona maandiko kama C10 au C16. Namba ndiyo ampere. Mutaona pia 4500 au 6000 ndani ya kisanduku kidogo: ni kipimo cha kishindo ambacho inaweza kukata bila kupasuka. Kifaa kisichoandikwa kitu, au chepesi kama sanduku la kiberiti, mukiache dukani.

Kumaliza kazi: usafi ni usalama

Watu wanafikiri kupanga waya vizuri ni urembo. Hapana. Siku sanduku litatoa moshi, itakuwa usiku, na fundi hatakuwa hapo. Atakayefungua ni mama wa nyumba au mlinzi wa depo, na tochi ya telefone. Kama waya ni kama kiota cha ndege, hatajua akate nini.

Rangi. Upande wa 220 V: bulu ni nyutre, kijani na manjano ni ya udongo tu, nyekundu, maroni au nyeusi ni faze. Upande wa batri: nyekundu ni +, nyeusi ni −. Kama fundi hana rangi inayofaa, afunge skochi ya rangi kwenye ncha zote mbili. Lakini waya ya kijani na manjano haitumiwi kwa kazi nyingine hata kama ndiyo imebaki.

Ncha za waya. Plastiki inatolewa kadiri tu shaba inavyoingia ndani ya kifaa, karibu sentimeta moja. Shaba isionekane inje, na skurubu isibane plastiki. Waya ya nyuzi nyingi inavalishwa kikofia cha chuma kwenye ncha, ili hakuna unyuzi unaobaki inje. Kwenye batri munatumia kichwa cha shaba kilichobanwa na koleo yake. Waya iliyoviringwa kwa mkono haitoshi.

Kubana. Skurubu iliyolegea ni mama wa moto. Shaba na chuma zisipobanana, umeme unaruka, joto linapanda, plastiki inakuwa nyeusi. Kisha kubana, fundi avute kila waya kwa mkono: ikitoka, haikuwa imefungwa. Kisha mwezi mmoja arudi kubana tena, umeme ukiwa umekatwa, juu shaba inajilaza kidogo kidogo.

Kuunganisha. Hakuna waya inayounganishwa kwa kuviringa na skochi ndani ya dari. Mutumie domino, ndani ya kisanduku chenye kifuniko.

Matundu. Waya ziingie kutoka chini, ili maji yakifuata waya yadondoke mbele ya kufika ndani. Kila tundu lizibwe na mpira wake. Fasi tupu kati ya disjonkteri zifunikwe. Panya, mende na mijusi wanapenda joto la sanduku, na panya anakula plastiki ya waya. Wakulima hatuhitaji kufundishwa mambo ya panya.

Maandiko. Kila disjonkteri iandikwe: «Taa», «Prizi za sebule», «Depo», «Plake», «Batri». Muandike kwa Kiswahili, kwa kalamu isiyofutika. Ndani ya mlango mubandike karatasi yenye picha ya mistari, tarehe ya kazi na unene wa waya. Fundi mwingine akikuja kisha miaka mitatu, hatabahatisha.

Radi

Sisi tunaishi chini ya mawingu makali. Hesabu ya setilaiti iliyotangazwa mwaka 2016 iliweka Sake, hapa hapa Masisi, kati ya fasi 10 zinazopigwa na radi kuliko zingine zote duniani. Plake iliyo juu ya mabati na waya zake ndefu zinaalika kishindo hicho ndani ya nyumba.

Muunganishe chuma cha plake na tere kwa waya ya kijani na manjano, na muombe fundi kizuia radi upande wa plake kama makuta yanatosha. Hakuna kifaa kinachoshinda radi inayopiga nyumba yenyewe. Basi wingu likianza kunguruma, mukate disjonkteri ya plake na mutoe vyombo kwenye prizi. Radi ikiisha, munarudisha. Kama tayari inapiga juu ya kichwa, musiguse waya.

Moto ukishika

Mukate plake na chanzo kikubwa kwanza. Mutumie mchanga mkavu au udongo mkavu, musimwage maji. Kwenye depo, ndoo moja ya mchanga ikae mlangoni, na isitumiwe kwa kazi nyingine. Mtu akikamatwa na umeme, musimshike kwa mkono: mukate umeme, na kama haiwezekani, mumsukume kwa fimbo kavu ya mti mukisimama fasi kavu.

Mbele ya kulipa makuta ya mwisho

Tunawashauri muchunge sehemu ya malipo mpaka kazi ikaguliwe. Watu wawili wa komite wasimame na fundi na wapite hatua hizi pamoja:

1. Kuko fyuzi kwenye waya nyekundu, karibu na batri?
2. Disjonkteri ya plake na ya batri zina alama ya DC?
3. Waya na disjonkteri vinalingana: 1,5 na 10, 2,5 na 16?
4. Kigeuzi kina nafasi tatu, na vyanzo viwili havikutani?
5. Diferensieli inakata ukibonyeza kitufe, na fundi amepima muungano na udongo mbele yenu?
6. Waya zote zimevutwa kwa mkono na hakuna iliyotoka?
7. Hakuna shaba inayoonekana wala tundu lililo wazi?
8. Kila disjonkteri imeandikwa, na karatasi iko ndani ya mlango?
9. Vyombo vyote vikiwashwa kwa saa moja, kisha mukiweka mkono juu ya kifuniko kilichofungwa na juu ya plastiki ya waya ya batri, hakuna fasi yenye moto?
10. Mama wa nyumba au mlinzi wa depo anaweza kukata umeme wote peke yake, gizani?

Hatua ya 10 muijaribu kweli. Muzime taa, mumpe mtu muda wa kupumua mara tano, muone kama amefika. Akishindwa, sanduku limefungwa fasi mbaya au halikuandikwa vizuri, na fundi bado hajamaliza.

Kisha hapo, kila mwezi siku ya mkutano, mubonyeze kitufe cha diferensieli. Kila miezi mitatu, fundi akate umeme na abane skurubu. Harufu ya plastiki, kelele ya nyuki ndani ya sanduku, taa inayocheza: ni alama za waya iliyolegea. Musingoje mwezi mwingine.

Ya kuzungumza kwenye kikundi

- Kwenye depo yetu, batri na mbegu ziko umbali gani?
- Ni nyumba ngapi za wanamemba zina fyuzi kwenye batri? Mupite muhesabu.
- Tukinunua fyuzi, kebo ya 16 na disjonkteri za DC kwa pamoja, kama tunavyonunua mbegu, bei itashuka kiasi gani?
- Nani atakuwa na daftari ya ukaguzi wa kila mwezi?

Kama makuta ni machache na hamuwezi kufanya yote mara moja, muanze na fyuzi ya batri. Ni kitu kidogo, hakingoji msimu mwingine, na ndicho kinasimama kati ya waya mbili zilizogusana na magunia ya mwaka mzima.